Mwaka Nilioficha Tumbo

Tulimzika Mama Uwimana Jumamosi iliyopita, na kutoka makaburini tukarudi kwa binti yake, mtaa wa Himbi hapa Goma, kukaa matanga. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani hadi kwenye ukuta wa mawe meusi, akina mama wa jumuiya wanapitisha chai ya maziwa na mikate, na mimi nikajikuta nimeketi kati ya wanawake watatu vijana. Wote watatu walikuwa wakifanya kazi benki hadi mabenki ya mji huu yalipofunga milango kwa sababu ya vita, na sasa wako nyumbani wakingoja simu ambazo haziiti. Walijua kwamba marehemu ndiye aliyenifundisha kazi. Mmoja wao, mwenye shali ya rangi ya udongo, akaniinamia akasema, “Mama Nsimire, wewe ulifanya aje mupaka ukafika kule juu?” Nikamjibu bila kufikiri, “Kujikaza tu, mutoto yangu. Mutu asiogope.” Wakatikisa vichwa kwa heshima, na mwingine akarudia neno langu kwa sauti ndogo kana kwamba anataka asilisahau. Nilipofika kwangu nilivua viatu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, na aibu ikanishika. Nilikuwa nimewadanganya watoto wa watu katika ua wa matanga. Mimi niliogopa. Mwaka ule ulionifanya niwe nilivyo, sikumbuki siku hata moja ambayo niliamka bila kuogopa, na Mama Uwimana alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na diplome ya Bukavu ndani ya bahasha ya plastiki. Koperative ya akiba na mikopo iliyonipa kazi ilikuwa katika nyumba ya ghorofa katikati ya mji, nyumba ya zamani yenye ngazi ya mbao iliyolia kwa kila hatua. Chini kulikuwa na magishe manne ambako watu waliweka na kutoa pesa, na nyuma ya vioo vya magishe hayo walikaa wanawake. Juu kulikuwa na biro ya Direkta, biro ya mikopo na chumba cha mikutano, na huko walikaa wanaume. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Ilikuwa hivyo tu, kama vile kiti fulani nyumbani kilivyo cha baba. Mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza kupewa meza huko juu, nisome maombi ya mikopo na kuandika maoni yangu, kwa mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Kila asubuhi, nikipanda ile ngazi, niliwaona wenzangu wa chini wakiinua macho kunitazama, na sikujua kama walikuwa wananionea fahari au wananihurumia. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Mwezi wangu wa pili kazini, asubuhi moja, nilipeleka mafaili kwa Direkta na kukuta mlango wake umeachwa wazi kidogo. Siku hiyo Claudine wa gishe la pili alikuwa amepewa barua ya kuondoka. Claudine alikuwa na tumbo la miezi mitano, na yeye pia alikuwa kwenye majaribio. Nilimsikia Direkta anasema, “Nilibaambia. Unamupatia mwanamuke kazi, anakupatia tumbo.” Papa Kambale, mkuu wa mikopo, ambaye meza yake ilitazamana na yangu, akacheka kwa pua. “Na huyu wetu wa huku juu?” Direkta akajibu bila chuki yoyote, kama mtu anayesema juu ya mvua, “Huyu angali mu majaribio. Siku tumbo itaonekana, mukataba itaisha yenyewe.” Nilisimama pale na mafaili kifuani. Ilikuwa siku ya tano tangu daktari wa zahanati aniambie kwamba nina mimba. Mimi na Pascal tulikuwa na miezi minne ya ndoa. Pascal alikuwa mwalimu wa sekondari, na mshahara wake kuna miezi ulifika na kuna miezi haukufika. Kodi ya nyumba, unga, makaa, vyote vilitoka kwenye ile meza yangu ya juu. Niligonga mlango, nikaingia, nikaweka mafaili mezani, na Direkta akanishukuru vizuri sana. Alikuwa mtu wa adabu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba sikuwa na adui wa kumchukia.

Basi nikaanza kujificha. Nilichukua koti la kahawia la Pascal, lile aliloolea, nikamwambia kila mtu kwamba juu kuna baridi. Goma huwa kuna baridi asubuhi, lakini si saa saba mchana, na mimi nilikaa na lile koti saa saba mchana, jasho likinitiririka mgongoni, nikitabasamu. Nilijifunza kutapika bila sauti. Nilijifunza kushika faili mbele ya tumbo ninapotembea, na kupanda ngazi polepole bila kuonekana kwamba naenda polepole. Usiseme ni mchezo. Mtu anayeogopa hachoki mwili tu, anachoka hata akili. Nilikuwa nasoma ombi la mkopo mara tatu kabla sijaelewa limeandikwa nini, kwa sababu sikio langu lote lilikuwa nyuma yangu, kwa Papa Kambale, kama ameanza kunitazama.

Saa sita wanawake wa chini walikula katika chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha moja dogo na babula ya makaa mlangoni. Walichanga kidogo kidogo, na Mama Uwimana ndiye aliyepika, maana yeye alimkosoa mpishi mwingine yeyote. Alikuwa keshia mkuu, mwanamke mrefu wa Rutshuru, mwenye sauti ya chini na vidole virefu vilivyokauka kwa miaka mingi ya kugusa noti. Mimi ningeweza kula juu na wanaume, lakini juu walikula wakizungumza mpira na mimi nikawa kama kiti, kwa hiyo nilishuka. Siku moja alikuwa anakaanga sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Ile harufu ilipanda moja kwa moja hadi kooni mwangu, na nikageuza uso ukutani nikijifanya natafuta chumvi. Mama Uwimana hakugeuka. Alisogeza sufuria, akasema, “Weye kaa kule ku dirisha. Moshi si muzuri kwa mutu wa hali yako.”

“Hali gani, mama?” nikasema, na sauti yangu ikatoka kama ya mtoto aliyekamatwa.

“Mi sikukuuliza kitu,” akasema. “Kaa ku dirisha.”

Tangu siku hiyo kiti cha dirishani kilikuwa changu, na sambaza hazikukaangwa tena kabla sijamaliza kula. Baadaye nilielewa kwamba wote wanne wa chini walijua, na kwamba kimya chao kilikuwa ulinzi ambao sikuuomba.

Kila Jumatatu kulikuwa na mkutano wa mikopo huko juu. Nilikuwa nikisema jambo, linapita kama upepo, kisha dakika kumi baadaye Papa Kambale analisema jambo lile lile, na Direkta anapiga meza kwa kidole, “Muona? Ile njo akili.” Nilimweleza Mama Uwimana, nikitegemea anihurumie. Hakunihurumia. Aliniuliza, “Unasemaka kwa mudomo tu?” Nikasema ndiyo. “Basi unabapatia bure. Andika ku karatasi, moja tu, fupi. Weka jina yako chini. Kabla bakae, weka mu mukono ya kila mutu. Hapo atarudilia aje, na karatasi iko na jina?” Kisha akanifundisha jambo la pili, ambalo hakuna shule iliyonifundisha. Watu wa juu waliwajua wateja kwa mafaili. Wanawake wa chini waliwajua kwa nyuso. Walijua ni mama gani wa soko anayeweka kidogo kila siku bila kukosa hata anapofiwa, na ni mfanyabiashara gani mwenye gari kubwa ambaye mke wake huja kwa siri kuuliza kama kumebaki kitu. Nikawa nashuka na maombi mchana, wanakula huku wananisomea maisha ya watu, na Jumatatu napanda na karatasi yangu. Mwezi wangu wa tano kazini Direkta alisoma karatasi mojawapo mara mbili na kuniuliza nilikoyatoa hayo, “Hii unaitosha wapi?” Nikasema, “Natosha chini, Direkta.” Hakuelewa, na mimi sikumweleza. Lakini nilikuwa naogopa hata hapo, maana kadiri nilivyofanya vizuri ndivyo walivyonitazama zaidi, na tumbo nalo lilikuwa linakua.

Halafu vita vikakaribia. Sihitaji kuwaeleza watu wa mji huu inavyokuwa. Kwanza bei ya maharagi na viazi ilipanda kwa sababu magari ya Rutshuru hayafiki. Kisha zikaja familia kwa miguu, magodoro vichwani, zikapita mjini zikielekea kambi ya Mugunga, na wengi wao tuliwajua. Walikuwa wateja wetu. Mlio wa mabomu ulisikika mbali upande wa kaskazini, na vioo vya magishe vikawa vinatetemeka kidogo, kama glasi kwenye sinia. Kwa siku kama zile, mtu aliyesema Kinyarwanda, lugha ya Mama Uwimana, alitazamwa kwa jicho baya barabarani kana kwamba ni mmoja wa waasi, hata kama amezaliwa hapa na kuzeeka hapa. Mama Uwimana aliacha kupokea simu za nduguze mbele za watu. Alianza kuja kazini kwa motari mmoja tu, yule mwendesha pikipiki anayemwamini, na akashuka mlangoni kabisa. Nilimwona siku moja anasimama nyuma ya mlango wa chuma akipumua kabla ya kuvua kitambaa alichojifunika kichwa hadi usoni, na ndipo nikajua kwamba tulikuwa wawili tunaoficha kitu kwa nguo.

Jumatano moja jioni, nikiwa nakusanya karatasi zangu, Direkta alikuja mezani kwangu amevaa koti la safari. Papa Kambale alikuwa ameshaondoka. “Kesho nitachelewa kidogo,” alisema. “Wekea mimi hii.” Akaniachia bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo wake wa kofre, lile sanduku la chuma lililojengewa ukutani chini. Kofre lilifunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa Mama Uwimana. Kwa nini mimi? Nilijiuliza njia nzima. Papa Kambale ndiye aliyekuwa mkubwa. Ni Pascal, akiwa anapuliza moto, aliyenijibu bila kukusudia: “Labda Kambale angemukatalia.” Nikaacha kula. Ugali na mboga ya lengalenga vilibaki kwenye sahani. Nilielewa kwamba mtu alikuwa ametafuta katika nyumba nzima yule asiyeweza kusema hapana, na akanipata.

Asubuhi ya Alhamisi sikuweza kuufikia mlango. Barabara ilikuwa imejaa watu kuanzia kona. Uvumi ulikuwa umetembea: koperative imevusha pesa zote ng’ambo ya mpaka, Direkta amekimbilia Gisenyi, Rwanda. Nilipita mlango wa nyuma, kwa nyumba ya jirani, nikiwa na mimba ya miezi saba ndani ya koti la mume wangu, na mlinzi akanivuta ndani kwa mkono. Simu ya Direkta ilikuwa imezimwa. Juu, Papa Kambale na makarani wawili walikuwa wamejifungia katika chumba cha mikutano. Niligonga. “Mi si mwenye ufunguo,” alisema Papa Kambale kwa ndani. “Aliye nayo njo afungue.” Kumbe alijua. Nilishuka ile ngazi nikishika ukuta. Mama Uwimana alikuwa peke yake katika chumba cha nyuma, amekaa kwenye kiti changu cha dirishani, mikono magotini. Wenzake watatu hawakuweza kupita.

“Mama, niende nyumbani,” nikamwambia. Sitaki kulipamba. Hilo ndilo neno langu la kwanza. “Kukikosekana kitu ata kidogo, watasema ni mimi. Watanifunga. Mama, niko na mimba.”

“Najua uko na mimba,” akasema. “Ukienda, sitakuita muoga. Lakini nikuambie yenye iko. Pesa iko ndani, nilifunga mwenyewe jana. Haitoshe kwa wote leo, lakini iko. Bale bamama kule inje hawajui kama iko. Wakivunja mulango, itaisha kwa benye nguvu, na benye nguvu hawakuweka kitu humu.” Nje mtu alipiga geti kwa kitu kizito, na sote wawili tukaruka. Ndipo akasema jambo ambalo lazima lilimgharimu. “Mi ningetoka kuongea nao. Lakini leo, na hii sura yangu, na ginsi naongea, nikifungua kinywa pale batasema ni mimi nilipeleka franga zao kwa bale batu ba vita. Unaelewa? Mi nitakaa nyuma ya kioo. Kutoka inje ni weye.”

Tulikubaliana haraka, tukinong’ona ingawa hakuna aliyetusikia. Wenye akiba ndogo watangulie. Kila mtu apate sehemu, si yote. Kila jina liandikwe na kusomwa kwa sauti ili wa mwisho ajue wa kwanza amepata. Kisha Mama Uwimana akapiga simu moja, kwa Kinande kibovu kilichochanganyika na Kiswahili, akazungumza muda mfupi na kukata. Sikumuuliza alikuwa anaongea na nani. Nilikuwa nimeshika tumbo kwa mikono miwili, na mtoto alikuwa ametulia kabisa, na hilo pia liliniogopesha.

Mlinzi alifungua geti kadiri ya mtu mmoja kupita, nikatoka, akalifunga nyuma yangu. Nilisikia komeo likiingia. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile. Mbele yangu kulikuwa na nyuso tu. Nilijua nyuso nyingine, lakini hofu iliwafanya wote wawe wageni. Nikasema, “Bamama na bapapa, pesa yenu iko,” na hakuna aliyenisikia. Nikarudia. Mwanaume mmoja akapaza sauti, “Direkta iko wapi?” Ningeweza kusema yuko juu. Nilikuwa nimelitayarisha hilo neno kabisa. Lakini likatoka la kweli kwa sababu lilikuwa fupi zaidi: “Haiko.” Makelele yakalipuka. Jiwe likapiga geti juu ya kichwa changu, vumbi jeusi likaniangukia machoni, na watu wa nyuma wakasukuma wa mbele. Mgongo wangu ulibanwa kwenye chuma. Nililiweka faili mbele, faili likaanguka. Vifungo vya koti la Pascal viliruka, kimoja kikampiga shavuni mama aliyekuwa amebanwa nami uso kwa uso, mwuza unga, na yeye akatazama chini akaona.

Akapiga ukelele ambao nausikia hadi leo. “Iko na mimba! Musisukume! Huyu iko na mimba!” Wanawake wa mbele wakageuka, wakashikana mikono, wakanipa migongo yao. Mmoja alimpiga mwanaume kofi. Sijui walikuwa saba au kumi. Walisimama hivyo, wamekaza viuno, wakitukana kwa lugha zote za mkoa, na ndani ya ule mduara mdogo nikapata hewa. Nilikuwa nimelowa. Nilikuwa nimejikojolea, na sijawahi kumwambia mtu ila Mama Uwimana. Nilipoinua macho nikaona dirisha la juu, na kwenye dirisha Papa Kambale na makarani wawili wamesimama wananitazama, koti wazi, tumbo mbele ya mji mzima. Nakumbuka niliwaza kwa utulivu wa ajabu: basi, kazi imeisha. Na kwa kuwa kazi ilikuwa imeisha, nikazungumza. Niliwaambia Direkta hayupo na sijui yuko wapi. Niliwaambia ufunguo ninao mimi. Niliwaambia tutakavyofanya, mmoja mmoja, na kwamba hakuna atakayepata zote leo. Wanawake wa mduara walirudia kila sentensi kwa sauti kubwa kuelekea nyuma, kama padri na waumini.

Tulifungua. Mama Uwimana alilipa, mimi niliandika na kusoma majina mlangoni, nikiwa nimejifunga kitenge alichonipa mwuza unga. Saa zikaenda. Nilikuwa namwona Mama Uwimana kwa kioo akihesabu bila kuinua uso, na kutokana na jinsi alivyoanza kuzipanga noti taratibu zaidi nikajua pesa za kofre zinakaribia kwisha. Karibu na saa nane watu wakagawanyika kupisha mtu. Alikuwa Mama Kahindo, muuzaji wa maharagi kwa jumla, mwanamke ambaye soko zima lilimtazama lijue bei ya kesho. Kila mmoja alijua kwamba ana akiba kubwa kwetu. Akitoa zote, tumekwisha. Mama Kahindo akaenda hadi kwenye gishe, akafungua mfuko wake, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira, akasema kwa sauti ya sokoni, “Mi sikukuya kutosha pesa. Nilikuya kuweka.” Mama Uwimana akalipokea kama siku yoyote, akahesabu, akaandika, akampa stakabadhi. Mama Kahindo akatoka bila kumtazama mtu. Mstari ulisimama kidogo, kisha mwanamke mmoja akasema ana mtoto nyumbani, atarudi kesho, na mwingine akamfuata, na kufikia saa kumi barabara ilikuwa na vumbi na viatu vilivyosahauliwa. Miaka mingi baadaye Mama Kahindo aliniambia kwamba alipoingiza mkono mfukoni alikuwa anaogopa hata akashindwa kuushika ule mpira. Nikamuuliza Mama Uwimana alimwambia nini kwa ile simu ya asubuhi. “Kweli tu,” akasema. “Kwamba Direkta haiko, na pesa iko, na kwamba kuko mutoto mumoja na mimba ku mulango.”

Vita havikuingia mjini juma lile. Direkta alirudi Jumatatu, shati limepigwa pasi, wala hakueleza alikokuwa. Aliomba ufunguo wake, akahesabu yote pamoja na Mama Uwimana, na hakukukosekana hata noti moja. Kisha akaniita juu na kunipa barua. Ilisema kwamba nilifungua kofre bila ruhusa na kwamba nilificha hali yangu ya afya kwa mwajiri. Alinipa kwa mikono miwili. Nilishuka na ile barua hadi chumba cha nyuma, na wanawake wa chini wakaisoma kwa zamu, wakiwa wamesimama. Nililia. Nilitaka kwenda. Mama Uwimana akaweka karatasi tupu mbele yangu, kando ya sahani ya maharagi. “Moja tu, fupi,” akasema. “Jina yako chini.” Niliandika yaliyotokea Alhamisi, saa kwa saa, bila kumlaumu mtu. Wote wanne wa chini wakatia majina yao chini ya langu, hata wale watatu waliokwama barabarani siku ile, na yeye akaipeleka kwa mwenyekiti wa baraza la koperative, mzee aliyekuwa mfanyabiashara wa kahawa, nyumbani kwake kabla ya mkutano.

Baraza liliniita siku ya tatu. Wanaume watano, meza ndefu, chupa za maji. Direkta alikaa pembeni. Mwenyekiti akauliza, “Nani alikupatia ruhusa ya kufungua?”

“Hakuna, muzee.”

“Hukuogopa?”

“Niliogopa. Ata sasa niko naogopa.”

Mmoja wao akacheka, lakini mwenyekiti hakucheka. “Na tumbo, juu ya nini ulificha?”

Nikamtazama Direkta, kisha nikatazama meza. “Juu ya Claudine,” nikasema. Ikabidi nieleze Claudine ni nani na jinsi alivyokuwa sababu, maana hawakumjua. Wakaandika jina lake. Kosa langu lilikuja baada ya hapo, na halijaniacha. Niliitwa ndani tena baada ya nusu saa, nikaambiwa barua imefutwa, nitabaki, nitapewa likizo ya uzazi kama sheria inavyosema. Nilishukuru mara nyingi mno. Sikuuliza, na Claudine je? Swali lilikuwa mdomoni kabisa, nikaogopa wasije wakabadili mawazo. Hakuna aliyemrudisha. Nilipokutana naye sokoni, nimembeba binti yangu mgongoni, alikuwa anauza sabuni. “Banasema ulitaja jina yangu kule,” akasema. Nikasema ndiyo. “Na kisha?” Nikaonyesha sabuni kwa kidole. Akanifungia sabuni mbili kwenye gazeti, akapokea pesa yake, akamgeukia mteja mwingine.

Direkta naye hakufukuzwa. Alihamishiwa Bukavu kwa sherehe, mbuzi akachinjwa, na mimi nilisimama na glasi ya fanta nikapiga makofi kama wote. Lakini kabla hajaondoka, baraza liliamua kwamba kofre na karatasi kubwa zisitegemee tena mtu mmoja. Kuwe na saini tatu: ya Direkta, ya keshia mkuu, na ya tatu ikawa yangu. Niliitwa kuweka saini ya mfano juma la kwanza baada ya likizo. Mtoto alikuwa na miezi miwili, maziwa yalikuwa yananivuja ndani ya blauzi, na Direkta, Papa Kambale na mzee mwenyekiti walikuwa wamesimama nyuma yangu wananitazama. Mama Uwimana akaisukuma ile kadi ya manjano mbele yangu, yenye visanduku vitatu. Kalamu ilipogusa karatasi mkono ukaanza kutetemeka. Jina langu likatoka limepinda, herufi ya mwisho ikateleza chini kama mtu aliyekosa ngazi.

“Mama, nipatie kadi ingine,” nikanong’ona. “Hii imeharibika.”

Aliitazama. “Haikuharibika,” akasema kwa sauti yake ya chini. “Imekuwa njo yako. Sasa andika tena mara mbili, zifanane.”

Nikaandika tena mara mbili, nikijitahidi kutetemeka vile vile. Katika kazi yetu saini ya mtu haibadilishwi ovyo. Kila hundi, kila mkataba, kila barua, saini yake lazima ifanane na kadi. Nimetia saini maelfu ya karatasi tangu siku ile, nyingi nikiwa peke yangu kwenye biro yangu na mkono umetulia kabisa, na kila mara nikifika kwenye herufi ya mwisho nauacha mkono uteleze chini.